Mwanangu ale kidogo ili anyanyuliwe? Jibu kwa mama wa Kisumu

"Naandika kutoka Kisumu. Binti yangu ana miaka 11 na anateleza kwa viatu vya magurudumu tangu akiwa na miaka 8. Mwaka huu ameanza kufanya mazoezi na kijana wa jirani mwenye miaka 14. Waliona kwenye simu wale wachezaji wa barafu wanaoteleza wawili wawili, mvulana akimnyanyua msichana juu ya kichwa, na tangu siku hiyo hawana habari nyingine. Wamejaribu kunyanyuana kwenye saruji ya uwanja wa kanisa. Wameanguka mara mbili, na kijana analalamika kiuno. Mtu mzima anayewasaidia ameniambia binti yangu apunguze ugali na aache chakula cha jioni 'awe mwepesi'. Anasema pia tumechelewa, kwamba wenzao wa Ulaya huanza na miaka minne. Je, ni kweli? Kuna njia ya kufika kwenye barafu kutoka hapa, au nawapotezea muda? Sitaki kumvunja mtoto moyo, lakini pia sitaki avunjike shingo."

Mama, nianze na la chakula kwa sababu ndilo lisilongoja. Leo jioni binti yako ale kama kawaida, na kesho, na kesho kutwa. Kisha mwambie huyo anayewasaidia, kwa heshima lakini bila kuzungukazunguka, kwamba sahani ya mtoto si kazi yake. Mengine tunaweza kuyapanga polepole. Hilo halina mjadala.

Barua yako ina mambo manne: uzito wa binti, kiuno cha kijana, umri wao, na barafu iliyo mbali. Sitayapa nafasi sawa, maana mawili ya kwanza yanaweza kuwaumiza wiki hii hii, na mawili ya mwisho yana muda.

Huyo bwana anadhani kunyanyua ni kazi ya mikono, na kwamba msichana ni mzigo. Wengi hufikiri hivyo kwa sababu macho hufuata kinachotokea juu. Chukua ile video iliyowapa wazimu, funika nusu ya juu ya skrini kwa kiganja, ubaki na miguu tu. Utaona kwamba muda mfupi kabla msichana hajapaa, magoti manne yanakunjwa pamoja, kisha yananyooka pamoja. Msichana anaruka. Mvulana hamvuti kutoka chini. Anaipokea ile ruka yake ikiwa tayari inapanda, anaiongezea nguvu ya mapaja yake, na mikono inanyooka mwisho kabisa. Ikishanyooka na viwiko vikakazwa, uzito haubebwi tena na misuli ya mikono. Unashuka moja kwa moja kupitia mifupa ya mikono, mabega, nyonga, hadi kwenye viatu. Msichana naye huko juu hakai tu: amekaza tumbo na makalio, na anasukuma kiganja cha mwenzake kuelekea chini kana kwamba anataka kukipigilia ardhini.

Ndiyo maana msichana wa kilo 36 anayeruka kwa wakati ni mwepesi kuliko wa kilo 30 anayening'inia kama gunia. Akichelewa kidogo tu, mvulana anakuta anainua mwili uliosimama, na hapo hufanya kile ambacho kila mtu angefanya: anapinda mgongo kwa nyuma na kuvuta. Akiwahi kuruka kabla ya mwenzake, anaanza kushuka wakati mvulana anapanda, na viwiko vinakunjika katikati ya njia. Nina hakika kubwa kwamba maanguko yao mawili yalikuwa ya aina moja kati ya hizi mbili. Kupunguza ugali hakurekebishi hata moja.

Na kunaharibu mengi. Miaka 11 hadi 14 ndiyo miaka msichana anapojenga sehemu kubwa ya mifupa atakayoishi nayo. Mwili unaopewa chakula pungufu huku ukifanya mazoezi hubana matumizi: hedhi huchelewa kuanza au hukatika, mifupa hubaki dhaifu na kupata nyufa ndogondogo kwenye unyayo na muundi wa mguu, majeraha hayaponi upesi, na akili huchoka. Mtoto mwenye njaa huchelewa kuruka, kisha huanguka, kisha huambiwa bado ni mzito. Mpe ugali wake, maharagwe, mboga, maziwa, na omena. Omena huliwa nzima na mifupa yake, kwa hiyo ina kalsiamu ya kujenga mifupa ya mtoto, na kwenu ziwani haihitaji safari. Siku ya mazoezi ale ndizi au kiazi kitamu saa moja hivi kabla, na chakula kamili baadaye. Ukimwona anaanza kuficha chakula, kujipima kila siku, au kusema ameshiba kabla hajagusa, usimgombeze. Mpeleke kwa daktari wa watoto mapema.

Sasa kijana. Hapa nakuomba uzungumze na wazazi wake leo, kwa sababu huenda kwao hajasema. Kuumwa kiuno kwa kijana wa miaka 14 aliyeanza juzi kunyanyua mtu si uchovu wa kupakwa dawa ya kuchua na kusahauliwa. Katika umri huo mifupa ya mgongo bado haijakomaa, na mgongo ukipindwa kwa nyuma mara nyingi ukiwa na mzigo, pingili za chini za kiuno zinaweza kupata ufa, hasa ile ya mwisho. Kuna jaribio jepesi la kukupa dokezo: asimame kwa mguu mmoja, mikono kiunoni, ajipinde taratibu kwa nyuma. Maumivu yakichoma upande mmoja chini ya kiuno, asiguse tena mazoezi ya kunyanyua wala kuruka mpaka aonwe na daktari wa mifupa. Picha ya eksirei pekee wakati mwingine haionyeshi ufa huo ukiwa mchanga, kwa hiyo daktari akitaka kipimo kingine msishangae. Ukigunduliwa mapema, mara nyingi hupona kwa kupumzika miezi mitatu hivi na mazoezi ya kukaza tumbo chini ya mtaalamu wa fiziotherapia. Ukipuuzwa, unaweza kumfuata utu uzimani. Hata jaribio likipita bila maumivu, daktari amwone, na kiuno kikiendelea kuuma zaidi ya wiki mbili, au kikimwamsha usiku, au akihisi ganzi miguuni, aende hospitali. Akishindwa kuzuia mkojo au choo, ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Kwa hiyo kunyanyuana kusimame. Najua watanuna. Waambie kwamba hata kwenye nchi zenye barafu, watoto wa umri wao hawaanzi na kunyanyuana juu ya kichwa. Wanaanza na miguu, na hapo ndipo wana kazi ya mwaka mzima mbele yao.

Kila mmoja kwanza awe mtelezaji peke yake. Aweze kuvukisha miguu kwenye duara, mbele na nyuma, kushoto na kulia, bila kuangalia chini. Aweze kugeuka kutoka mbele kwenda nyuma kwa mguu mmoja, ule mgeuko ambao alama yake sakafuni hufanana na tarakimu 3. Aweze kuzunguka mahali pamoja kwa mguu mmoja mizunguko mitatu. Na aweze kuruka ruka ya mzunguko mmoja, atue akielekea nyuma kwa mguu mmoja, na kubaki hivyo kwa hesabu ya tatu, goti limekunjwa, mguu mwingine umenyooshwa nyuma. Huo utuaji ndio msingi wa mchezo mzima. Msichana akirushwa na mwenzake, hutua hivyo hivyo, ila kwa mwendo mkubwa zaidi na kutoka juu zaidi. Asiyeweza kutua ruka yake mwenyewe mara nane kati ya kumi hana sababu ya kurushwa.

Kuna kitu kimoja mnaweza kukikagua sebuleni, kijana akisharuhusiwa kuruka. Wavue viatu, waruke juu na kuzunguka hewani bila kufikiri. Tazama kila mmoja anazungukia upande gani. Watu wengi huzungukia kushoto na kutua kwa mguu wa kulia. Kama hawa wawili wanazungukia upande mmoja, vizuri. Kama mmoja ni wa kushoto na mwingine wa kulia, kuruka sambamba na kurushana kutakuwa kugumu kwao daima, na ni heri kujua sasa kuliko baada ya miaka mitatu. Si mwisho wa urafiki wao, ila ni jambo la kuamua wakiwa na macho wazi.

Baada ya hapo wanaungana kwa mkono tu. Chora kwa chaki duara lenye upana wa mita sita hivi, wateleze juu ya mstari wakishikana mkono mmoja, wakihesabu hadi nane kwa sauti. Kijana ana miguu mirefu, kwa hiyo hatua yake itamwacha binti nyuma. Dawa si binti kukimbilia. Dawa ni kijana kukunja magoti zaidi na kufupisha hatua, mpaka viatu vyao viguse sakafu kwa mlio mmoja. Funga macho usikilize: ukisikia milio miwili, bado. Wazazi wengi huona zoezi hili ni la kitoto, lakini humu ndimo jozi inapojengwa. Waliozoea kukunja magoti pamoja kwenye duara watakunja pamoja siku ya kunyanyuana, bila kuambiana.

Kunyanyuana kutarudi, baada ya daktari kumruhusu kijana, na kutaanzia kwenye nyasi wakiwa na raba miguuni. Msichana anaruka wima, mvulana amemshika kiunoni, anamsindikiza hadi kimo cha kifua chake na kumrudisha chini kwa goti laini. Mtu mzima wa tatu asimame pembeni, mikono tayari kudaka. Wakishafanya mara kumi mfululizo bila kiwiko kukunjika wala mgongo kupinda, ndipo warudie kwenye magurudumu, tena wakiwa wamesimama. Kijana ajenge mabega kwa mtungi wa lita tano uliojaa maji: aunyanyue juu kwa mikono miwili, akaze viwiko, tumbo ndani, atembee hatua ishirini. Kiuno kikianza kujipinda, aushushe. Ile ya juu ya kichwa isubiri kocha aliyesomea mchezo wa jozi, mahali penye magodoro au mkanda wa kuning'inizia. Kwenye saruji ya kanisa isifanyike kamwe, hata wakikuomba kwa machozi.

Wakubaliane pia neno moja, mathalani "shusha", ambalo yeyote kati yao akilitamka kila kitu kinasimama bila maswali. Na mvulana ajifunze sheria ya kale ya mchezo huu: mambo yakiharibika, hamwachii mwenzake, anamvutia kwake na kujitahidi awe yeye chini.

Viatu navyo viangalie. Vingi vya mitumba ni vile vya magurudumu yaliyopangwa mstari mmoja, vyenye breki ya mpira kisiginoni. Ni vizuri kwa barabara, ila breki hiyo hukwaruza sakafu mtoto anapotua akielekea nyuma, na ganda lake la plastiki hufunga kifundo cha mguu kisikunjike. Tafuteni vya magurudumu manne, mawili mbele na mawili nyuma, vyenye kizuizi cha mpira kwenye ncha ya kidole. Ugumu wa gurudumu huandikwa ubavuni: 78A hadi 85A ni laini, hufaa saruji yenye chembechembe, 92A na zaidi ni gumu, kwa ukumbi wenye sakafu nyororo. Gurudumu gumu kwenye saruji mbovu hutikisa magoti na kuteleza upande bila taarifa. Fagieni mchanga kabla ya kuanza, maana jiwe dogo kama punje ya mtama latosha kusimamisha gurudumu. Vaeni helmeti, kinga za magoti na za vifundo vya mikono.

Kuhusu kuchelewa: hapana. Ni kweli wengi wa wenzao huanza wadogo sana, lakini huanza kuteleza, si kuteleza kwa jozi. Jozi nyingi huundwa baadaye, na huvunjika na kuundwa upya. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ISU, haliruhusu mtoto kushindana kimataifa katika daraja la vijana kabla ya kufikisha miaka 13, na mwaka 2022 liliamua kupandisha umri wa chini wa daraja la wakubwa kutoka 15 hadi 17. Robin Szolkowy, ambaye baba yake ni Mtanzania, alikuwa ameshapita miaka 20 alipoungana na Aljona Savchenko mwaka 2003. Walitwaa ubingwa wa dunia mara tano kwa Ujerumani na shaba mbili za Olimpiki, 2010 na 2014. Deanna Stellato-Dudek aliacha mchezo kwa miaka 16, akaanza jozi akiwa na zaidi ya miaka 30, na mwaka 2024 akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 40. Binti yako ana miaka 11. Kinachomkabili si kuchelewa. Ni kwamba karibu ataingia kwenye kipindi cha kurefuka haraka, na kijana yuko ndani yake tayari. Wakati huo mtoto anaweza kuongeza sentimita nane au zaidi kwa mwaka, na ruka aliyoimudu Januari ikampotea Juni. Pima vimo vyao kila miezi mitatu kwenye fremu ya mlango. Mmoja akirefuka sentimita mbili ndani ya miezi hiyo, punguzeni kuruka, ongezeni duara. Hajasahau, mwili wake unajifunza vipimo vipya.

Barafu sasa, na hapa nitakuambia ukweli ulivyo. Uwanja wa barafu unaojulikana nchini ulifunguliwa mwaka 2005 katika hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, Nairobi. Ni mdogo sana ukilinganisha na ule wa mashindano, wenye urefu wa mita 60 na upana wa 30, na umewahi kufungwa kwa vipindi, kwa hiyo pigeni simu kabla ya kupanda basi. Timu ya hoki ya Kenya Ice Lions ililelewa pale, na baadhi ya wachezaji wake walianzia kwenye magurudumu kama hawa wenu. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu. Kwa hiyo daraja kati ya gurudumu na barafu lipo kweli.

Kinachovuka daraja hilo ni namna ya kuegemeza mwili, upande wa kuzunguka, utuaji wa kuelekea nyuma, na ile hesabu ya nane. Kisichovuka ni usimamaji. Bapa la chuma chini ya kiatu cha barafu lina unene wa milimita nne hivi, na katikati lina mfereji, hivyo kila mguu una makali mawili, ya ndani na ya nje, na mtoto lazima achague moja. Mbele kuna meno. Wenye mazoea ya magurudumu huegemea mbele kutafuta kizuizi chao cha mpira, meno yanashika barafu, nao wanaanguka kifudifudi. Saa za kwanza ni za kujifunza kukaa katikati ya bapa.

Safari moja kila likizo ya shule itampa ladha, haitamfanya mshindani. Wanaoshindana katika daraja la vijana huwa kwenye barafu siku tano au sita kwa wiki. Philip Boit, mwanariadha wa Bonde la Ufa aliyekuwa Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, Nagano 1998, alilazimika kwenda Finland kujifunza kuteleza kwenye theluji. Na kushindana kunataka kusajiliwa na shirikisho la taifa lililo mwanachama wa ISU. Kwenye Olimpiki wote wawili lazima wawe raia wa nchi moja. Kwa mtoto wa miaka 11, kuhama nchi kwa ajili ya hilo sikushauri.

Ila kuna njia ambayo wengi hawaijui: mchezo wa jozi upo pia kwenye magurudumu, chini ya shirikisho la kimataifa la World Skate, wenye kunyanyuana, kurushana na mizunguko kama ya barafu, na una mashindano yake ya dunia. Hayo wanaweza kuyalenga wakiwa Kisumu, bila kuhama nyumbani. Wakifika miaka 13 na 16 wakiwa bado wanaupenda mchezo, mtajua kama safari ya barafu inastahili nauli.

Lingine, na usilionee haya. Mchezo huu unataka mikono kiunoni, mapajani na makwapani. Kila mshiko uelezwe kabla ya kufanywa, mazoezi yawe mahali pa wazi, na mzazi mmoja awepo kila mara. Mtu mzima asibaki peke yake na mmoja wao, asimguse mtoto kumwonyesha mshiko ambao mwenzake anaweza kuufanya, wala asimwandikie ujumbe usiouona. Binti ana haki ya kukataa mshiko wowote, na jozi nzuri hupangwa kuzunguka kukataa huko. Kocha anayekasirika kwa masharti haya, mshukuru kwa muda wake na umuage kwaheri.

Ikitokea kichwa kimegonga sakafu, siku hiyo mazoezi yameisha hata akisema yuko sawa. Apumzike siku moja au mbili, arudi kwa hatua ndogo, na kwanza aonwe na daktari. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida, maumivu ya kichwa yakizidi, mboni za macho zikitofautiana ukubwa, au maneno yakimchanganyika, mkimbize hospitali saa hiyo. Shingo ikiuma baada ya kuanguka, asiinuliwe. Mwacheni alale alivyo mpaka wahudumu wafike.

Jumamosi hii kijana aende kwa daktari, na binti ale kifungua kinywa. Jioni mchukue chaki, mchore lile duara, na wewe ukae pembeni na macho yamefungwa, ukisikiliza milio ya viatu.